UZI: RV imechomekwa umeme miezi mitano, betri ya injini imekufa. Tujuzane namna ya kuilinda msimu wa baridi

#1 BabaWatatu_MN (mwanzisha uzi), Oktoba

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Naona humu ndugu zetu wengi wa Marekani na Kanada wameanza kununua RV, haya magari yenye kitanda, jiko na choo humo humo, na kila ikifika Oktoba swali ni lile lile: naiegeshaje mpaka joto lirudi? Watu wanaulizana maji ya kwenye mabomba, panya, turubai. Betri ya kuwashia injini hakuna anayeiuliza, mpaka siku ya Aprili gari linapogoma. Mimi limenikuta na nimelipia. Naandika kwa urefu ili mwingine asilipie tena.

Niko Minnesota. Huku Januari usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri ni wa kawaida kabisa, na kuna siku inashuka hadi 30. RV yangu ni ya injini ya petroli, niliinunua mkononi kwa mtu, tukazunguka nayo kiangazi kizima na watoto hadi Yellowstone. Novemba nikaiegesha pembeni ya nyumba, nikamwaga maji yote, nikachomeka ule waya mnene kwenye soketi ya ukutani. Nikalala usingizi. Kichwani nilijua kitu kimoja: imechomekwa, basi inachajiwa.

Aprili nikaingia ndani. Taa zinawaka, feni inazunguka, friji inavuma. Nikakaa kwenye usukani, nikazungusha ufunguo. Kimya. Hata dashibodi haikumeta. Mama watoto yuko mlangoni akaniuliza, "Sasa umeme upo au haupo?"

Upo, ila haufiki. Ndiyo habari yote ya uzi huu.

RV ina betri za aina mbili na kila moja ina dunia yake. Kuna betri ya nyumba, moja au zaidi, ya taa, feni, pampu ya maji na mengineyo ya ndani. Halafu kuna betri ya injini, kazi yake stata, taa za barabarani na kompyuta ya gari. Ukichomeka RV ukutani, umeme unapita kwenye kifaa kinaitwa konveta, kinageuza umeme wa nyumbani kuwa wa volti 12. Kwenye RV nyingi sana konveta hiyo inachaji betri ya nyumba TU. Na paneli ya sola iliyokuja juu ya paa, mara nyingi ni hivyo hivyo. Hata jenereta ukiiwasha masaa mawili, inalisha konveta ile ile, betri ya injini haipati kitu. Inayoilisha ni alteneta, yaani injini ikiwa inazunguka. Injini ikilala, betri yake imeachwa peke yake.

Na haikai bure. Nilipopima yangu siku ile: betri ya nyumba volti 13.6, inapumua vizuri. Betri ya injini volti 3.1. Ubavu wake umevimba, maana iliganda.

Hili la kuganda nalieleza kidogo, kwa sababu ndilo linaloua. Ndani ya betri ya risasi na asidi mna mchanganyiko wa maji na asidi. Betri ikiwa imejaa, asidi iko kwenye maji, na mchanganyiko huo haugandi mpaka baridi ipite nyuzi 50 chini ya sifuri, baridi ambayo hata huku Minnesota ni nadra mno kuifikia. Betri ikiisha, asidi imehamia kwenye sahani za risasi na yanayobaki ni karibu maji matupu. Hayo yanaganda kwenye nyuzi 10 hivi chini ya sifuri. Kwa hiyo betri iliyojaa inalala nje kwenye theluji salama salimini, na iliyoisha inapasuka Desemba.

Sasa nani aliimaliza? Gari limezimwa lakini vitu vinanyonya kidogo kidogo: kompyuta, saa ya redio, alamu, na kwenye RV nyingi ile ngazi ya umeme ya mlangoni imeunganishwa kwenye betri ya injini. Mnyonyo wa miliampea 50 unahesabiwa kuwa wa kawaida kabisa. Piga hesabu: miliampea 50 kwa masaa 24 ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Betri ya ampea-saa 75 inafika nusu ndani ya mwezi mmoja, na mwezi wa pili umekwisha. Mimi niliiacha mitano.

Na ile swichi ya kukata betri pale mlangoni isiwadanganye. Kwenye RV nyingi inakata betri ya nyumba peke yake.

Kabla hujanunua kifaa chochote, fanya jaribio hili, linahitaji multimita (kipimo cha volti na ampea) ya bei ndogo tu. RV ikiwa haijachomekwa, na imetulia masaa kadhaa tangu izimwe, pima betri ya injini. Andika namba. Chomeka umeme, subiri nusu saa, pima tena pale pale. Ikiwa ilikuwa 12.6 na sasa ni 13.2 au zaidi, una bahati, RV yako inachaji zote mbili. Ikiwa namba imebaki ilipokuwa, wewe ni mimi wa mwaka ule.

Kwa kusoma namba: 12.6 hadi 12.7 imejaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki robo, chini ya hapo ihesabu imeisha. Za AGM, yaani zile zilizozibwa ambazo asidi yake imenyonywa na pamba ya kioo ndani, zinasoma juu kidogo. Usipime mara tu baada ya kuchaji au kuendesha, utapata namba ya juu ya uongo. Subiri masaa, au washa taa kubwa dakika chache kisha zima, ndipo upime. Ikikaa chini ya 12.4 kwa wiki nyingi, chembe za salfeti zinakomaa juu ya sahani na zikikomaa hazirudi. Betri utaichaji, itasema imejaa, ila nguvu ya kuzungusha stata haina.

Nilichofanya mimi: nilinunua chaja ndogo ya kutunza betri, ya ampea 2, yenye akili ya kujua imejaa na kupunguza. Nikaifunga moja kwa moja kwenye betri ya injini kwa zile terminali za mviringo, waya wake una fyuzi, ncha yake nimeitokeza mbele nje ya boneti. Novemba nachomeka, Aprili nachomoa. Msimu uliopita gari liliwaka kwa jaribio la kwanza tu.

Karibuni tuchangie. Wenye njia nyingine semeni.

#2 Mzigo_Mzito

Mkuu umeandika vizuri lakini kwa nini kujitesa hivyo? Mimi niko Houston, kila Jumamosi nawasha injini dakika 10, nazima. Mwaka wa 6 huu, betri moja.

#3 BabaWatatu_MN (mwanzisha uzi)

@Mzigo_Mzito kaka, Houston na huku ni mbingu na ardhi. Kwako Januari injini inawaka kwa urahisi na betri inapokea chaji vizuri. Huku kwenye baridi kali betri inatoa nguvu nusu tu ya ile ya kiangazi, na oili imekuwa nzito kama asali, stata inahangaika. Betri ikiwa baridi hivyo hata chaji inaipokea polepole. Dakika 10 za injini kuunguruma bila kutembea huenda zisirudishe ulichokula.

Tatizo jingine ni unyevu. Injini ikichoma petroli inatoa maji, yanatulia kwenye oili na kwenye bomba la moshi. Injini ikipata moto wa kutosha yanakauka. Dakika 10 kwenye baridi haipati moto. Ukirudia hivyo kila wiki miezi mitano umeijaza injini maji kwa nia njema.

Anayetaka kuwasha, basi aitoe barabarani nusu saa au zaidi mpaka iwe moto kweli. Ila huku barabara zimemwagwa chumvi, na chumvi ikiingia kwenye chasisi ya RV ni kutu. Hakuna anayetaka hivyo.

Na wewe, naomba jambo moja: Jumamosi ijayo pima KABLA hujawasha. Utuletee namba.

#4 fundi_wa_nyaya

Naunga mkono mwanzisha uzi. Nimefanya kazi ya umeme wa magari miaka mingi, nilianzia Arusha gereji za magari ya watalii, sasa niko Ohio.

Naongeza upande wa vifaa. Mbali na chaja ya kutunza, kuna kijisanduku kidogo cha kuunganisha betri mbili. Waya mmoja chanya ya betri ya nyumba, mmoja chanya ya betri ya injini, mmoja hasi. Konveta ikiwa inachaji nyumba, kijisanduku kinaona volti zimepanda, kinapitisha ampea chache kwenda betri ya injini. Umeme ukikatika kinazitenganisha, betri moja haiinyonyi nyingine. Trik-L-Start ndiyo maarufu ya aina hiyo. Uzuri wake ni kwamba ukichomeka RV umemaliza, hakuna chaja ya pili ya kukumbuka.

RV nyingine, hasa zile kubwa, zimekuja na rilei (swichi inayojiendesha kwa umeme) ya kuunganisha pande zote mbili tangu kiwandani. Volti zikipanda upande wowote inaunganisha, pande zote zinapata chaji. Wenye nayo jaribio la mwanzisha uzi litawaonyesha kama inafanya kazi. Nimekuta nyingi rilei imekufa na mwenye gari hajui, kwa sababu kiangazi anaendesha kila wiki, alteneta inamfichia siri.

Onyo: kile kitufe cha dharura kwenye dashibodi, cha kuazima nguvu ya betri ya nyumba ili kuwasha injini, si cha kuachwa kimebanwa kwa gundi. Nimeona mtu amebana na karatasi ili betri zichajiwe pamoja msimu mzima. Ile koili ya swichi yake haijatengenezwa kukaa na umeme masaa yote, inaungua.

#5 Dada_wa_Duluth

Asante sana kwa uzi. Swali langu: mimi sina uwanja, RV yangu nimeikodishia sehemu kwenye uwanja wa kuegesha nje ya mji. Hakuna umeme kabisa. Hizo chaja zote hazinisaidii. Nifanyeje?

#6 BabaWatatu_MN (mwanzisha uzi)

@Dada_wa_Duluth dada yangu, wewe ndiye una njia rahisi kuliko sote, na haina gharama.

Siku ya mwisho, iendeshe safari ya kutosha au ichaji nyumbani mpaka ijae kabisa. Ukifika pale uwanjani, zima kila kitu, fungua boneti, tenganisha waya wa hasi wa betri ya injini. Hasi kwanza siku zote, maana spana ikigusa bodi wakati unafungua hasi hakuna cheche. Ukianza na chanya ikagusa chuma, ni moto. Funga ule waya kitambaa au soksi kavu usirudi kugusa. Basi. Nenda zako.

Kinachoimaliza betri ni mnyonyo, na mnyonyo umeukata. Kinachobaki ni betri kujimaliza yenyewe ndani kwa ndani, na jambo hilo linategemea joto. Kwenye joto la nyuzi 25 betri ya kawaida ya maji inapoteza kama asilimia 3 hadi 5 kwa mwezi. Kila joto likishuka nyuzi 10 kasi hiyo inapungua karibu nusu. Sasa fikiria Duluth Januari. Betri iliyojaa na kukatwa pale inalala kama dubu. Machi ukienda kupima utakuta 12.5 au 12.6.

Ukiweza kuibeba, ipeleke nyumbani uichaji mara moja baada ya miezi miwili. Ukishindwa, iache. Ila ijae KABLA ya kukatwa. Betri ya nusu iliyokatwa inaweza kuganda kwenye baridi kali.

Tegemea redio kusahau stesheni na saa kurudi sifuri. Kompyuta ya injini nayo inasahau majaribio yake ya moshi, kwa hiyo aliye kwenye jimbo lenye ukaguzi wa moshi asiende kukagua siku ile ile aliyorudisha betri, aendeshe siku kadhaa kwanza.

#7 Dada_wa_Duluth

Ubarikiwe. Na sola ndogo je? Kuna mtu aliniambia niweke ile ya dirishani.

#8 fundi_wa_nyaya

Dada, sola inafanya kazi vizuri sana Arizona. Kwako: jua la Desemba liko chini na mchana ni mfupi, theluji inafunika paa, na kama umevalisha RV turubai paneli iko gizani. Ukiweka, iwe ya wati 20 au zaidi, isimamishwe wima ikitazama kusini ili theluji isitulie, iwe na kidhibiti chaji, na waya uende betri ya INJINI. Zile za wati 2 za dirishani hazishindi hata mnyonyo wa kawaida. Kwa hali yako, kukata hasi ni bora.

#9 Mnyampala_Ar

Wakuu, niko Arusha. RV hatuna ila kisa chenu nakijua vizuri. Masika, Aprili na Mei, magari ya safari yanalala uwani wiki nane. Land Cruiser ina friji nyuma, redio kol, kifaa cha kufuatilia gari, soketi sita za kuchajia simu za wageni. Juni wageni wanafika, dereva anazungusha ufunguo, hakuna kitu. Gereji nzima inashtua magari kwa kuazimana betri asubuhi moja.

Sisi tuliamua kuweka swichi ya kukata kwenye hasi, ile ya kuzungusha kwa mkono. Gari likiingia uwani, dereva halali hajazungusha. Kifaa cha kufuatilia kina kabetri kake kadogo ndani, ila kakiisha ofisi inaanza kupiga simu kuuliza gari liko wapi, hilo mjipange nalo.

Mafundi wazee hapa wanasisitiza betri isiwekwe chini kwenye sakafu ya saruji, inanyonywa na saruji. Wakuu wa umeme, hii ni kweli?

#10 fundi_wa_nyaya

@Mnyampala_Ar nyumbani hoyee! Nimepita gereji hizo hizo.

Hilo la saruji lilikuwa na msingi zamani, wakati makasha ya betri yalikuwa ya mbao na ya mpira mgumu, unyevu ukipenya umeme unatambaa. Kasha la leo ni plastiki, saruji hailifanyi kitu. Betri iliyowekwa sakafuni inaisha kwa sababu imewekwa ikasahaulika. Wazee waheshimiwe, ila betri iwekwe popote pakavu, juu yake pafutwe. Uchafu na asidi iliyotapakaa juu ya kasha kati ya terminali mbili, HUO ndio unaopitisha umeme. Futa kwa maji yenye magadi kidogo, kausha, paka grisi kwenye terminali.

#11 Mwana_Kariakoo

Naomba niingilie. Kaka yangu yuko Muscat, ameacha Noah yake hapa kwangu Dar, anakuja kila Desemba wiki tatu tu. Kila mwaka tunanunua betri mpya. Fundi wa betri wa mtaani akiletewa iliyokufa anaongeza asidi, anaichaji usiku mmoja, asubuhi inachemka kweli kweli, baada ya wiki imekufa tena. Tunakosea wapi?

#12 BabaWatatu_MN (mwanzisha uzi)

@Mwana_Kariakoo pole sana. Kwako adui ni joto. Nilichomwambia dada wa Duluth kigeuze: huku baridi inaituliza betri iliyokatwa, Dar joto la nyuzi 30 linaifanya ijimalize haraka. Ukikata hasi umeondoa mnyonyo, sawa, lakini usiiache mwaka mzima. Kila mwezi ipime, ikigusa 12.4 ichaji.

Asidi USIONGEZE. Ndani ya betri kinachopungua ni maji, yanavukizwa na kuchemka wakati wa chaji. Asidi yenyewe haiendi popote. Ukiongeza asidi unazidisha ukali, sahani zinaliwa. Ongeza yale maji safi ya betri yasiyo na chumvi, na ujaze mpaka alama baada ya kuchaji. Sahani zikiwa zimeonekana juu ya maji, weka kidogo tu cha kuzifunika kabla ya kuchaji.

Na mwambie fundi aichaji taratibu. Kipimo cha zamani ni sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake: betri ya ampea-saa 60, chaji kwa ampea 6. Kuchemka kwa nguvu usiku kucha ni kuipika. Mvuke unaotoka una haidrojeni, kwa hiyo chaji mahali penye hewa, na asiwepo mtu mwenye sigara.

Ukipata chaja ndogo ya kutunza kama yangu, unachomeka kwenye gari pale pale nyumbani. Betri ya Noah itamsubiri kaka yako Desemba.

#13 Mwana_Kariakoo

Kumbe tumekuwa tunaua kwa mikono yetu. Shukrani mkuu, nampelekea kaka uzi huu.

#14 Edmonton_Boy

Mimi nimebadilisha betri za nyumba nikaweka za lithiamu, zile za fosfeti. Nina ile rilei ya pande zote mbili aliyoisema fundi. Tangu hapo mambo yananichanganya, rilei inakaa imeunganisha hata sijachomeka umeme. Mnaonaje?

#15 fundi_wa_nyaya

@Edmonton_Boy swali zuri na wengi litawafika. Lithiamu iliyojaa ikiwa imekaa tu, haifanyi chochote, inasoma kama volti 13.3. Rilei ilitengenezwa kwa zama za risasi, ikiona zaidi ya 13 inaamini kuna chaja. Kwa hiyo inaunganisha, na betri yako ya nyumba inailisha ya injini mchana na usiku. Ikate hiyo rilei, weka kile kifaa cha kuchaji kutoka betri hadi betri kilichotengenezwa kwa lithiamu.

La pili, na la baridi ya huko Edmonton hasa: lithiamu hiyo HAICHAJIWI chini ya sifuri. Kutoa umeme inaweza, kuingiza hapana, inaharibika moja kwa moja ndani. Zilizo nzuri zina ulinzi wa kukataa, lakini usizitegemee kwa upofu. Kwa msimu wa kulala iache kwenye nusu hivi, ikate, usiichomeke kabisa. Betri ya injini ya risasi ndiyo iwe na chaja yake peke yake. Tabia zao ni tofauti kabisa, msizichanganye.

#16 Mzigo_Mzito

Nimerudi. Nimepima kabla ya kuwasha kama mlivyosema: 12.28. Baada ya zile dakika 10 nikasubiri jioni nikapima tena: 12.31.

Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikiishikilia kwenye nusu. Na nilikuwa najisifu.

#17 BabaWatatu_MN (mwanzisha uzi)

Kaka asante kwa kuleta namba, umewasaidia wengi kuliko maneno yangu. Sasa kabla ya chaja, tafuta mnyonyo wako ni kiasi gani, maana kushuka hadi hapo kwa wiki moja ni kwingi.

Tenganisha hasi. Weka multimita kwenye ampea, waya mwekundu kwenye tundu la ampea 10, uipitishe katikati ya nguzo ya hasi na ule waya uliotoa. Milango ifungwe, usiwashe chochote, USIPIGE STATA maana utaunguza fyuzi ya mita. Subiri nusu saa hadi dakika 40, kompyuta zilale. Kisha soma. Chini ya 0.05 ni sawa. Ukikuta 0.2 au 0.3 kuna kitu hakijalala: anza kuchomoa fyuzi moja moja mpaka namba idondoke, hapo umeshamkamata. Kwenye RV anza na ngazi ya mlango, redio, na kitu chochote alichofunga mwenye gari wa mwanzo.

#18 Mzigo_Mzito

0.19. Ilikuwa redio. Mtu aliyeniuzia aliunganisha waya wake wa kudumu moja kwa moja na kikuza sauti chini ya kiti, hakizimi hata ukitoa ufunguo. Nimechomoa fyuzi yake, sasa inasoma 0.03.

#19 mpita_njia77

Jamani mimi betri yangu imeshaganda tayari, kasha limevimba. Naweza kuichaji taratibu ndani ya gereji?

#20 fundi_wa_nyaya

@mpita_njia77 HAPANA. Usiichaji, usiishtue kwa gari jingine. Barafu imeziba ndani, gesi haina pa kutokea, inaweza kukulipukia usoni. Kama haijavimba na huna hakika, iingize mahali pa joto kiasi siku nzima mpaka iyeyuke, kagua kama inavuja, ndipo uamue. Iliyovimba imekwisha, irudishe duka la betri, wanaipokea kwa ajili ya risasi yake na mara nyingi wanakupunguzia bei ya mpya. Vaa glavu na miwani wakati unaibeba.

Na wote mnaoshtua gari kwa betri ya mwenzako: ule waya wa mwisho wa hasi ubanwe kwenye chuma cha injini mbali na betri, cheche isitokee juu ya gesi.

#21 Mnyampala_Ar

Fundi swali moja la mwisho. Chaja za zamani tulizonazo hapa, zile za kuchaji pole pole bila kujizima, zinafaa kuachwa miezi?

#22 fundi_wa_nyaya

Hazifai kaka. Ile haijui kusimama, betri ikijaa inaendelea kusukuma, maji yanakauka, sahani zinabaki uchi. Ya kuachwa miezi lazima ishuke yenyewe hadi volti 13.2 au 13.6 baada ya kujaza, na kwenye baridi kali ipandishe kidogo, kwenye joto ipunguze. Ukiwa na AGM chagua ile yenye mpangilio wa AGM. Ampea 1 hadi 4 zinatosha. Na hata hiyo nzuri, mtu apite mara moja kwa mwezi aangalie taa yake kama bado inawaka, maana soketi za nje zina kinga inayoruka maji yakiingia, na ikiruka Desemba huna habari mpaka Aprili.

#23 Dada_wa_Duluth, Aprili

Nimerudi na majibu. Oktoba niliichaji ikajaa, nikakata hasi, nikafunga soksi ya mwanangu. Sikwenda tena, theluji ilizuia hata geti. Leo nimefika, nimepima kabla sijaunganisha: 12.58. Nimerudisha waya, nimezungusha ufunguo, imewaka hapo hapo.

Swali: sasa ile betri ya NYUMBA, ambayo sikuikata, inasoma 9.4. Ni kile kigundua gesi ya kupikia, sivyo?

#24 BabaWatatu_MN (mwanzisha uzi)

Hongera dada! Ndiyo, ni hicho, kinanyonya saa zote hata ukizima kila kitu, kimeunganishwa hivyo kwa usalama. Kagua kasha kwanza: likiwa limevimba au linavuja usiichaji, kama fundi alivyosema. Likiwa zima, ichaji leo hii taratibu, iache itulie usiku, kesho asubuhi pima. Ukikuta chini ya 12.4 andika hapa tuangalie seli moja moja kwa kile kipimo cha uzito wa maji ya betri.

#25 Dada_wa_Duluth

Nimeshachomeka. Kesho naleta namba.